Mwalimu Aliyekata Bomba

Hakupenda kusalimiwa kwa mkono. Hilo ndilo jambo la kwanza watu walilolijua kumhusu, na kwa wengi lilikuwa la mwisho pia, kwa sababu katika vijiji vya juu ya Laare mtu asiyekupa mkono amekwisha kukuambia anavyokuona. Yeye aliweka kiganja kifuani, akainamisha kichwa, akauliza habari za nyumbani bila haraka: ng'ombe aliyekuwa karibu kuzaa, mgonjwa aliyelazwa hospitali ya Maua, mvua iliyochelewa. Aliuliza kwa moyo wote, na majibu aliyakumbuka. Lakini mkono haukutoka.

Siku moja tukichambua maharagwe mlangoni nilimuuliza sababu. Akaninyooshea viganja. Ngozi ilikuwa imepasukapasuka kwa kunawa. Akasema haogopi mikono ya watu, anaogopa yake mwenyewe, kwa kuwa alishinda kutwa akishika vitu ambavyo hata yeye hakujua vyote ni nini. Sikumwamini sana. Nilidhani ana maringo kidogo, kama wengine walivyodhani.

Tulimwita Mwalimu wa Biolojia, wanafunzi na sisi walimu, ingawa alikuwa na jina lake kama kila mtu. Shule yetu ilikuwa ya wasichana, ya bweni, imejengwa kwenye mteremko katika milima ya Nyambene. Mimi nilifundisha Kiswahili. Nilikuwa nimetoka upande wa Embu, Kimeru changu kiliwachekesha wanawake wa sokoni, na yeye ndiye aliyenisaidia kuzoea. Tuliishi katika nyumba moja ya walimu iliyogawanywa kwa ukuta wa mbao. Nilimsikia akikohoa, akibishana na redio, akichemsha maji. Maji yalichemka upande wake kutwa nzima. Aliyachemsha, akayaacha yapoe, na akiona kifuniko kimesogezwa aliyachemsha upya.

Maziwa ya mbuzi wake, hata hivyo, aliyanywa yakiwa bado na joto la mnyama. Nilipomkumbusha yale aliyowafundisha wasichana juu ya maziwa mabichi, alicheka, akapangusa mdomo, akasema hapo ndipo elimu yake ilipoishia. Kuku wake pia hakukubali kuwahesabu. Ukimuuliza anao wangapi, alijibu tu kwamba wapo. Mama yake alikuwa amemlea akimwambia kwamba kiumbe chenye uhai hakihesabiwi, ukikihesabu umekiitia balaa. Na bado mwanamke huyo asiyehesabu kuku aliwapa wasichana zoezi la kuhesabu seli za jani, safu kwa safu, na aliyekosea alirudia.

Somo lake la kwanza kwa kidato cha kwanza lilikuwa kitunguu. Alibandua ile ngozi nyembamba ya ndani, akaidondoshea iodini, akaiweka chini ya hadubini. Hadubini ilikuwa moja tu, na wasichana walipanga foleni hadi nje. Waliona vyumba vimepangana kama matofali, kila chumba na nukta yake ya kahawia. Akawaambia hizo ndizo seli, na kwamba kila kinachoishi kimejengwa kwazo: mgomba, ng'ombe, mwalimu mkuu. Walicheka. Kisha alimpa kila mmoja kijiti safi, akamwambia ajikwangue ndani ya shavu. Hapo vicheko vilipungua. Kitunguu hakikumtisha mtu, lakini kujiona mwenyewe umekuwa madoa yaliyotawanyika kwenye kioo kulimtisha karibu kila mmoja. Msichana mmoja aliwahi kulia, akataka kujua kama seli zilizobaki kwenye kijiti zitarudishwa.

"Wewe si mmoja," Mwalimu alimwambia. "Wewe ni kijiji kilichokubaliana."

Mwingine akauliza kama wanakijiji hao wanaweza kukosa kukubaliana.

"Wanaweza," akasema. "Hiyo tutaisoma kidato cha nne."

Wasichana walilibeba neno hilo hadi mabwenini, na nilisikia kwamba wengine hawakulala vizuri. Alikuwa hivyo. Hakutaka kumtisha mtu, lakini hakujua kulainisha jambo. Mzee mmoja mhubiri, baba wa mwanafunzi, alipanda hadi shuleni kumuuliza katika vyumba hivyo vyake roho ameiweka wapi. Alimkaribisha, akamwekea chai, akamwambia, "Mzee, kioo changu hakifiki huko. Kikifika nitakuita." Mzee yule hakujua kama ametukanwa au ameheshimiwa. Alimaliza chai yake akaenda zake.

Sasa nieleze jinsi mahali pale palivyokaa, kwa sababu yote yaliyotokea yalifuata mteremko. Juu kabisa, penye mawe, palikuwa na chemchemi. Bomba la chuma liliyateremsha maji yake hadi kwenye tangi la shule. Nyuma ya shule, upande wa chini, palikuwa na vyoo vya wasichana. Chini ya vyoo mteremko uliendelea, ukaishia kwenye kisima cha kijiji, ambacho kilikuwa na jicho lake lenyewe la maji na hakikutegemea bomba letu. Hivyo ndivyo palivyokuwa: chemchemi, shule, vyoo, kisima.

Kila mwaka Mwalimu wa Biolojia aliwapandisha kidato cha kwanza hadi kwenye chemchemi na chupa ndogo. Walirudi, wakaweka tone chini ya hadubini, na hawakuona kitu. Walilalamika. Walitaka kuona viumbe kama wale wa kwenye kitabu. Kwake yeye malalamiko hayo yalikuwa habari njema kuliko zote za mwaka. Alitembea siku hiyo akiimba nyimbo za kanisani kwa sauti ya chini, na akipita jikoni aliwatania wapishi.

Kisha biashara ya miraa ikapanda. Barabara ya juu ilichongwa, na wanunuzi wakajenga mabanda ya kupakia palepale juu ya chemchemi, kwa kuwa kivuli kilikuwa kizuri na magari yaliweza kugeuka. Vijana wengi walifanya kazi pale, wakifunga mabunda kwa majani ya mgomba, na wengi wakalala papo hapo. Walichimba vyoo, lakini chini kulikuwa na mwamba na vyoo havikwenda mbali.

Mwaka huo kidato cha kwanza walipoangalia tone lao, walipiga makofi. Nilikuwa darasa la jirani nikifundisha, nikaja kuona kuna nini. Tone lilikuwa limejaa. Kulikuwa na kitu chenye umbo la kandambili kikizungukazunguka, kingine kikinyumbuka kama uji uliomwagika, na vidogo zaidi vikikimbia huku na huko kama vimefukuzwa. Wasichana walisukumana wapate kuona tena. Wengine walimshukuru Mwalimu, kama kwamba ameviweka yeye kwa ajili yao. Aliangalia wa mwisho. Alikaa kwenye jicho la hadubini muda mrefu kuliko msichana yeyote. Alipoinuka aliwaambia wachore walichokiona, kisha akatoka, akawaacha.

Jioni alinieleza akiwa amesimama.

"Wale wanaocheza pale hawaui mtu. Lakini wamekuja kwa sababu wamepata chakula. Na wao wakipata chakula, kuna wengine wadogo zaidi waliokuja nacho, na hao kioo changu hakiwezi kunionyesha."

Nikamuuliza basi anajuaje kwamba wapo.

"Sijui," akasema. "Ndiyo maana naogopa."

Alimwendea mwalimu mkuu. Yule hakuwa mtu mbaya, na ninasema hivyo kwa sababu baadaye watu walimsema vibaya sana. Alikubali kuja maabara, akafunga jicho moja, akaangalia. Akauliza ni yupi kati ya wale aliye hatari. Mwalimu wa Biolojia akamwambia hakuna hata mmoja. Mwalimu mkuu akamuuliza kama kweli anataka shule ifunge maji kwa sababu ya wadudu wasio na hatia pamoja na wengine ambao hakuna aliyewaona. Kuni za kuchemshia maji ya shule nzima hazikuwepo. Akaomba wavumilie hadi likizo.

Mwalimu wa Biolojia aliwaendea wapakiaji. Walimkaribisha vizuri, wakampa kigogo akalie na kifungu cha miraa atafune, wakamsikiliza, na hawakufanya lolote. Akashuka kijijini. Kule alikuwa na rafiki, mwanamke aliyeitwa Kagendo, aliyeuza ndizi kwenye lango la shule na aliyekuwa na wavulana wawili na msichana mdogo, Kanana. Mwalimu aliteka maji ya kisima chao kwenye chupa yake, wanawake wakimwangalia, akayapandisha maabara. Kesho yake alishuka tena kumpa Kagendo majibu. Nilikuwa naye. Alisema tone la kisima ni tupu, halina kitu, wanywe bila wasiwasi. Kagendo alifurahi, akatupa ndizi. Na jambo alilosema lilikuwa kweli siku ile. Nililiona tone lile kwa macho yangu.

Wiki chache baadaye wasichana walianza kupata homa. Kwanza mmoja, kisha wa kitanda cha pili, kisha bweni zima likawa na harufu ya watu wanaotoka jasho. Wengine walipelekwa nyumbani. Mwalimu mkuu alisema ni malaria waliyotoka nayo likizo. Asubuhi moja baada ya gwaride, wakati bendera ilikuwa ndiyo kwanza imepandishwa, tulimwona Mwalimu wa Biolojia akipanda mlima na msumeno wa chuma. Tulidhani anaenda kukata tawi. Alipiga magoti karibu na chemchemi akaanza kukata bomba. Alikata mahali pawili, akatoa kipande kirefu kama mtu, akakitupa bondeni. Shule nzima ilisimama ikimtazama, na mwalimu mkuu alipopata sauti ya kumwita alikuwa amekwisha kumaliza. Alishuka na kutu mikononi, akanawa, akaingia kidato cha tatu kufundisha.

Aliambiwa ajiandae kuhamishwa. Wazazi walikuja na kumfokea, kwa sababu binti zao sasa waliteka maji mtoni, mbali, na kupanda nayo mgongoni. Hakujitetea. Lakini homa ilipungua, kisha ikakoma, na wale waliomfokea wakaanza kumsalimia kwa kiganja kifuani, kama yeye. Kwa majuma kadhaa alikuwa ameshinda. Nilimsikia upande wake wa ukuta akiimba tena.

Bomba halikutengenezwa. Kamati ya shule ilivutana na wenye mabanda juu ya nani alipe, na wakati wakivutana chemchemi iliendelea kutoa maji. Mvua za masika zikaanza. Hakuna aliyejiuliza maji yale sasa yanakwenda wapi. Yeye hakujiuliza, na mimi sikujiuliza.

Kanana aliugua wa kwanza kijijini. Kichwa, kisha homa isiyoshuka, kisha tumbo. Kagendo alimbeba hadi barabarani, akapata gari la miraa likamfikisha Maua, na msichana akafia huko. Nyuma yake wakafuata wengine, wazee wawili na mtoto mchanga, na karibu kila nyumba ilikuwa na mgonjwa. Mvulana mkubwa wa Kagendo alilazwa akapona. Maafisa wa afya walikuja, wakachukua maji ya kisima, wakasema ni homa ya matumbo, wakafunga kisima kwa mbao na misumari, wakaondoka. Hawakusema ilitoka wapi. Au walisema, lakini si kwa watu wa kijiji.

Basi watu walijieleza wenyewe kwa walichokuwa wamekiona. Walikuwa wamemwona mwanamke asiyetoa mkono. Walikuwa wamemwona akiwapandisha watoto mlimani na chupa, kila mwaka. Alikuja kisimani kwao, akatumbukiza chupa yake, akarudi kesho yake akawaambia wanywe bila wasiwasi. Mabinti wa shule walipona, wao wakafa. Ukiyapanga hivyo, na wao hawakuwa na namna nyingine ya kuyapanga, hata mtoto angefika mahali walipofika.

Walikuja alasiri, wanaume kwa wanawake, na hawakuwa wakipiga kelele. Hicho ndicho kilichoniogopesha. Mwalimu wa Biolojia alitoka akasimama mlangoni na mimi nikasimama kando yake. Kagendo alikuwa mbele. Alikuwa amekonda, na kitambaa chake cha kichwa alikifunga kama mtu aliyefungiwa na mwingine.

"Ulichukua maji yetu kwenye chupa yako," akasema. "Ukaniambia ni safi. Ulituwekea nini?"

"Sikuweka kitu, Kagendo."

"Basi sema kilitoka wapi. Wewe ndiye unayeviona."

Ninakumbuka jinsi Mwalimu alivyofungua mdomo, akatazama mlimani, akaufunga. Baadaye nilielewa kwamba huenda wazo lilimpitia palepale, lakini sina hakika. Mtu alirusha jiwe likampata begani. Wakazunguka nyuma, wakawatoa mbuzi kwanza, taratibu, mmoja mmoja, wakawafunga kwenye mti mbali na moto, ndipo wakachoma banda. Walifanya kazi ile kwa uangalifu kama watu wanaosafisha shamba. Mwalimu mkuu alikuja na gari kwa lango la nyuma, akamtoa. Vitu vyake nilimfungia mimi na kumpelekea baadaye kwenye shule aliyohamishiwa, upande wa chini wa Embu. Hadubini ilibaki. Ilikuwa ya shule.

Miaka mingi ilipita bila mimi kumwona. Nilisikia habari zake kwa wanafunzi wetu wa zamani: anafundisha, amestaafu, anaishi peke yake. Nilisikia pia kwamba kule Nyambene chemchemi ilijengewa vizuri, vyoo vya mabanda vikahamishwa, na vijana wa siku hizi wanajua homa ya matumbo huletwa na nini, hivyo kisa cha mwalimu na chupa yake kikawa kisa cha aibu ambacho wazee hawakupenda kukisimulia. Nilifurahi kusikia hivyo. Nilidhani mambo yamekwisha.

Mimi mwenyewe nilipostaafu nilirudi kwetu, na ndipo nilipokutana naye sokoni Embu akichagua nduma. Alikuwa amezeeka ghafla, kama watu wembamba wanavyozeeka. Tulikumbatiana, jambo ambalo hatukuwahi kulifanya tulipokuwa majirani. Alinichukua nyumbani kwake, akachemsha chai, na hata kabla hajaimimina aliniambia.

Mwaka uliofuata baada ya kuhamishwa alikuwa amerudi kule mara moja, wakati wa mvua, kwa njia ya msituni ili asionwe. Alitaka kuona. Alipanda hadi mahali alipokata bomba, akafuata maji yalikoelekea. Yalikuwa yamechimba mfereji. Mfereji ulishuka kando ya ua wa shule, ukapita katikati ya vyoo vya wasichana, ambao kabla ya masika yale walikuwa wagonjwa, ukaendelea hadi kisimani. Alisimama pale akakumbuka kwamba kabla ya siku ile ya msumeno hapakuwa na mfereji.

Nilimwambia hawezi kuwa na hakika. Mvua peke yake ingeweza kuyafikisha hayo. Wapakiaji ndio waliochimba vyoo juu ya maji, mwalimu mkuu ndiye aliyekataa kusikia, kamati ndiyo iliyoacha bomba. Na wasichana je? Bila yeye wangekufa wangapi? Nilisema yote hayo na bado ninayaamini.

"Wasichana nilikuwa na haki ya kuwaokoa," akasema. "Lakini Kagendo aliniuliza kilitoka wapi. Sikumjibu. Nataka kwenda kumjibu, na nakuomba twende wote."

Nilimsihi sana. Nilimwambia watu wale wamekwisha kumwondolea lawama, asiende kuwarudishia. Alinisikiliza hadi nikamaliza, kisha akaniuliza Alhamisi ingenifaa au Ijumaa.

Tulifika kwa Kagendo saa za kabla ya chakula cha mchana. Alikuwa mzee sasa, amekaa kwenye kiti cha plastiki uani, na wanawe wawili, watu wazima wenye ndevu, walikuwa bandani wakipanga miraa. Alimtambua mara moja. Alishika kiti kwa mikono miwili akasimama, akaanza kulia. Akasema amemwomba Mungu aione siku hii. Akasema alikwisha kusimama kanisani mbele ya watu wote kutubu kwamba alimsingizia mtu asiye na kosa, na kwamba tangu afunguliwe macho hajawahi kula chakula kikashuka vizuri. Alituita tuketi. Alimtuma mkaza mwana atuletee chai.

Nilitamani iishie hapo. Nilimgusa Mwalimu kwa goti, kumwomba. Lakini alikuwa amekwisha kuanza. Alimweleza yote kwa Kimeru chepesi, kama alivyokuwa akiwaeleza kidato cha kwanza: tone la chemchemi lilivyojaa, tone la kisima lilivyokuwa tupu, bomba, mvua, mfereji. Hakujilaumu na hakujitetea.

Kagendo alikuwa ameacha kulia zamani.

"Ulijua siku ile tulipokuja?"

"Siku ile sikujua."

"Ulijua lini?"

"Mwaka uliofuata."

Chai yetu ililetwa na hatukuigusa. "Mwaka uliofuata," Kagendo akasema. "Na mimi miaka hii yote ndiye nimekuwa mwenye dhambi." Kisha akauliza jambo ambalo sikulitegemea. Akauliza kile kilichoingia ndani ya Kanana kilikuwa na sura gani.

Mwalimu wa Biolojia alisema hakuwahi kukiona, kioo chake hakikuweza. Anakijua kwa vitabu tu.

"Hata kwa vitabu."

Mwalimu aliinuka kwa shida, akaokota kijiti, akachuchumaa kwenye udongo wa ua. Akachora kitu kifupi chenye ncha za mviringo, kama punje ndefu ya mchele, kisha akakizungushia nywele nyembamba, moja baada ya nyingine. Kagendo aliinama akakitazama. Akauliza kama ni hicho tu. Akajibiwa ni hicho tu, na kwamba hata kikosi chake kizima kingekaa kwenye ncha ya sindano.

Kagendo akawaita wanawe. "Njooni muone kilichomuua dada yenu."

Walikuja wakipangusa mikono. Mama yao aliwaeleza kwa maneno machache, na hakuacha kitu: alitaja chemchemi, akataja bomba, akataja nani alilikata. Mdogo aliinama kuangalia mchoro. Mkubwa, yule aliyelazwa akapona, aliutupia jicho mara moja, kisha akamtazama Mwalimu, na hakutazama tena chini. Mkononi alikuwa bado na kisu kifupi cha kukatia miraa. Sidhani alikuwa na habari kwamba anacho.

"Nimekwambia uangalie hapa," mama yake akasema.

Hakuangalia. Hakuna aliyesogea. Nilisikia kuku wakichakura nyuma ya jiko. Mwalimu wa Biolojia alikuwa bado amechuchumaa, kijiti mkononi, na ilionekana wazi kwamba hawezi kuinuka bila kusaidiwa, nami niliogopa kumsaidia nisije nikaanzisha jambo.

Kagendo ndiye aliyemwinua. Alimshika chini ya kwapa, akamsimamisha, kisha akakanyaga ule mchoro na kuuzungusha kisigino hadi ukapotea. Akatuambia tuondoke. Tulipofika kwenye ua wa michongoma niliona kwamba anatufuata. Alitufuata hadi barabarani, hatua chache nyuma yetu, na mwanzoni nilidhani anatusindikiza kwa heshima ya zamani. Nilipogeuka niliona wanawe wamesimama upande wa juu wa njia, na mama yao anatembea katikati, kati yetu na wao, bila kutazama mbele wala nyuma.

Gari lilikuja upesi. Mwalimu wa Biolojia alimgeukia akamshukuru.

"Sikufanya kwa ajili yako," Kagendo akasema. "Nimefanya kwa ajili yao. Nimebaki na hao wawili."

Akageuka, akaanza kupanda kurudi kwa wanawe.